Elipidius, Wimbo wa Mama Umerudi Mwanzo

Mwaka mzima umepita, Elipidius Byabato, tangu homa ya siku tatu ikutoe kwetu hapa Nyaishozi, ukaacha bisibisi mezani na chai nusu kikombe.

Watu walikujua kwa kutengeneza redio na simu. Sisi tulijua kilichokuwa moyoni mwako: gemu saba za mashine ndogo za mkononi, ulizoziandika mwenyewe kwenye ile kompyuta inayounguruma. Wateja walizicheza kibandani kwako wakisubiri simu zao. Wengine walinogewa wakasahau simu, nawe ulicheka tu.

Programu ya kutoa sauti ilikuwa moja kwa gemu zote. Dada yako Sperancia, uliyemfundisha kazi hiyo, alikutania kwamba ni uvivu. Ulimjibu, "Sufuria ni ileile, mimi nabadilisha ndizi tu." Hata kasoro yake uliihamisha nayo: noti za wimbo zikiisha, muziki unarudi mwanzo. Haujui kunyamaza.

Gemu ya nane ulimwahidi mama. Ungetia humo wimbo anaouimba akichambua maharage, kwa sababu sauti yake ilikuwa inakwisha na hakutaka wimbo upotee. Ulipoondoka, tulikuta gemu inaganda mchezaji akifika mlangoni mwa nyumba uliyoichora humo, kabla muziki haujaanza. Tulibonyeza vitufe miezi kumi. Mlango haukufunguka, nasi tukajiona tumefungiwa humo.

Ndipo Sperancia alipokumbuka sufuria yako, ile programu moja ya sauti. Alitoa noti kwenye gemu ya nane, akazitia katika ile ya kwanza, zikalia. Mama alijishika mdomo.

Lakini uliandika nusu tu, ndugu yetu. Wimbo unafika pale mama alipokuwa akipandisha sauti, halafu unarudi mwanzo. Yeye sasa ananong'ona tu, na hakuna kati yetu aliyejifunza mwisho wake. Tulidhani mama ataimba siku zote. Tunaona aibu kuliandika hili.

Kila asubuhi anakaa na mashine mkekani. Mkeo akitaka kuizima, mama anamzuia akimbembeleza: "Mwache, waitu. Leo atamaliza."

Wanaokukumbuka ni mama yako Kokuhirwa, mkeo Benitha, binti yako Therese, dada yako Sperancia na kaka yako Gosbert.

Hatutakusahau kamwe, Elipidius. Hata sasa tunapoandika, wimbo umefika palepale, na mama ameinua kichwa.