Baba, Mtandao Haukuwa Umekatika

Baba,

Shikamoo. Nimeanza na salamu, ingawa mimi mwenyewe ndiye niliyeandika kwenye kanuni za jukwaa letu la mtandaoni kwamba salamu hazihitajiki.

Arobaini yako ilipita wiki iliyopita. Huko Handeni mvua imenyesha, kaka amepanda mahindi mpaka karibu na kaburi, na Mama ameanza kula. Mimi nimerudi Korogwe, nimefungua duka. Kampuni nyingine ya simu imekuja kupaka rangi yake juu ya rangi ya ile ya zamani, bure, kwa hiyo duka usingelitambua. Simu mbovu ni nyingi kuliko mikono yangu. Kiti chako kipo palepale mbele ya kompyuta ya pili, wateja wanawekea mikoba. Nayasema haya yote ili nichelewe kufika kwenye jambo lenyewe. Unanijua.

Ulipokuja kutibiwa mguu nilikukalisha kwenye ile kompyuta ili usishinde unahesabu mabasi. Nikakufundisha kuandika, nikakuingiza kwenye jukwaa letu la mafundi simu. Nilidhani utasoma tu. Ulijua kuwa humo ndani mimi ni Waya Moto, msimamizi, na kwamba wote walinidhani mwanamume, wakiniita mkuu. Nilikueleza sababu: fundi mwanamke akijibu swali, wanaume wanapanga foleni kumsahihisha, Waya Moto akijibu, wanashukuru. Ulicheka, ukasema, "Siri ya mwanangu ni yangu."

Basi ukaanza kuandika. Kidole kimoja, herufi kubwa tupu. Ukawasalimu wote, ukauliza mvua za kwao, ukauliza kama wazee wao wazima, ukaeleza na mguu wako. Kwenye kambi ya mkonge ulikokulia mtu haombi hata kijinga cha moto kabla hajauliza mwenzake ameamkaje. Swali lako likaja mwisho kabisa: betri za redio zikiisha nguvu tunazianika juani, je, ya simu nayo huanikwa?

Wakacheka mpaka uzi wa majibu ukajaa. Mmoja akaandika kwamba yeye ya kwake huikaanga na vitunguu. Baba, jibu lilikuwa sentensi moja: haianikwi, joto linaiharibu. Mimi nikaandika, "Mzee, soma kanuni. Hapa si kijiweni. Tafuta kwanza ndipo uulize." Niliandika nimekupa mgongo, hatua mbili kutoka ulipokaa. Nyuma yangu nikasikia kidole chako kikianza tena, taratibu. Jibu likatokea: "NIMEKUELEWA MKUU. MNIWIE RADHI, MIMI MGENI."

Mkuu. Baba yangu mzazi ananiita mkuu, ili siri yangu isivuje. Kisha ukaniuliza, kwa sauti yako ileile ya kila siku, kama chai imebaki kwenye chupa. Nikakumiminia. Sikuweza kukutazama usoni.

Ningeishia hapo ningekuwa na unafuu. Wiki iliyofuata ukampa pole fundi mmoja wa Tunduma ambaye mke wake alikuwa mjamzito, anaumwa. Mkaongea habari za uji na miguu kuvimba, katikati ya mada ya vioo vya simu. Wenzangu wakanigeukia mimi: msimamizi gani huyu anashindwa na mzee mmoja? Nikakufungia siku saba.

Ulibonyeza, ukabonyeza tena. "Mwanangu, mashine imenikataa." Nikakwambia mtandao umekatika. Nilisema hivyo vidole vyangu vikiwa juu ya kibodi, kurasa zinafunguka mbele yangu. Ukaniangalia mikono. Ukasema, "Basi tusubiri urudi."

Siku ya nne ukataka kwenda nyumbani. Nikakupandisha basi la Handeni, nikakununulia maji na machungwa, ukakaa dirishani, ukanipungia, na bado sikusema kitu. Siku ya sita kaka akapiga simu. Ulikufa imebaki siku moja ufunguliwe.

Msibani watu walinisifu, eti Rehema amemtunza mzee wake. Nikaitikia. Nilizipokea zile sifa zote, Baba, sikurudisha hata moja.

Niliporudi kazini nikakuta yule fundi wa Tunduma ameanzisha mada: "Mzee wa Salamu yuko wapi?" Mke wake alikuwa amejifungua salama, alitaka wewe ujue. Nikaifuta. Nje ya mada. Akaiweka tena, nikaifuta tena. Ndipo akaniandikia pembeni: "Mkuu, kama ulimfungia nakuomba umfungulie. Tangu niingie humu ni yeye peke yake aliyeniuliza nyumbani hawajambo." Nilikaa chini nyuma ya kaunta nikalia, huku mteja anagonga sarafu kwenye kioo.

Nimekuwa nikijiambia kwamba nilikuwa nalinda utaratibu. Uongo mtupu. Nilikuwa naona aibu. Nilikaa nikawaza, hawa wakijua kwamba anayeanika betri ni baba yangu, nitabaki nani? Wewe ulikuwa unanificha mimi, na mimi nilikuwa nakuficha wewe. Ila wewe ulificha kwa mapenzi.

Leo asubuhi nimezirudisha zile mada zilizofutwa. Chini yake nimeandika: "Mzee Salehe wa Handeni amefariki. Alikuwa baba yangu. Mimi naitwa Rehema, ni mwanamke, ni fundi, na nilimfungia tukiwa tumekaa chumba kimoja." Nimeshatuma. Majibu yanaingia, nayaona yanavyoongezeka, bado sijafungua hata moja. Nilitaka nikuandikie wewe kwanza.

Kwaheri, Baba. Mungu akulaze pema. Mgeni akija na swali la kitoto nitamjibu, na kabla ya jibu nitamuuliza ameamkaje. Hiyo ni ahadi nyepesi. Nzito ni hii: uwezo wa kufuta bado ninao, ni kubonyeza mara moja tu. Watakaloandika juu yangu, hata liwe chungu namna gani, sitalifuta.

Mwanao,
Rehema