Tumbo la Baba Mkwe

Nairobi, nyumbani kwa Shivachi

Mama Shivachi,

Hujambo huko Khayega? Magoti yako vipi na mvua hizi? Mimi ni mzima sasa, ila aibu imenijaa hadi kwenye kofia. Barua hii isome mwenyewe, usimpelekee mwalimu wa kanisa akusomee, nakuomba!

Hii nyumba aliyopewa kijana wetu na serikali, Mzungu alipoihama, hata chakula chake ni cha Kizungu: mkate mweupe, nyama ya mkebe, chai. Mboga yetu ya mrenda hakuna, maziwa lala, yale ya kuchacha, hakuna. Nikafunga choo, nguvu zikaniisha. Sasa nimwambie nani? Shivachi katumwa kazini Mombasa, tumebaki na mkewe. Mzee mzima nimtajie mkwe mambo ya choo? Hata kidogo! Nikawa narudisha sahani zimejaa, nasema nimeshiba.

Siku moja nikamsikia akimwambia jirani, analia: "Baba hakulangi chakula changu. Kama hanitaki aseme, nirudi kwetu Khwisero." Sanduku lake likawa mlangoni, linamngoja mumewe arudi.

Nikajikokota hospitali. Mkwe akanifuata nyuma, akiogopa nitaanguka. Daktari, kijana Mwafrika kama sisi, si akamwita ndani! Eti yeye ndiye mpishi. Mkwe akamweleza kwamba nakataa chakula chake kwa kuwa simtaki. Nikageukia ukuta.

"Mama, mzee hajakukataa," akasema. "Tumboni mwetu mnaishi vijidudu visivyoonekana, na vingine ni rafiki. Vinataka mboga na maziwa ya kuchacha. Mtu akizeeka, halafu ale mkate mtupu, hivyo vizuri hupungua, tumbo likafunga, na mwili ukalegea. Mrudishie chakula alichozoea."

Mimi, ambaye sina hata ng'ombe Nairobi, naambiwa nafuga wadudu tumboni, na mkwe anasikia! Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa ananiwekea mrenda na bakuli la maziwa lala mezani, anabisha mlango wangu, anaondoka kabla sijatoka. Choo kimefunguka, jana nilitembea hadi sokoni. Lakini sanduku bado liko pale pale. Anangoja neno langu, na mimi kwa mkwe sina mdomo. Mwandikie wewe, upesi, kabla Shivachi hajarudi. Mwambie ni binti yetu.

Nisalimie dada yangu mjane, na shemeji fundi baiskeli, lakini huyo shemeji habari za choo usimpe, atanicheka hadi kaburini.

Ni mimi mumeo, ninayerudisha bakuli tupu kila siku nikitumaini ataelewa,

Baba Shivachi