Kikombe Namba Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeingia kwenye sayansi. Mimi! Mtu wa darasa la tano na nusu.

Nilikuwa kwa dada, tunakula. Mpwa wangu, binti yake, kaja uso umemshuka. Yuko kwenye utafiti wa pumu pale maabara ya chuo. Wanataka kujua kwa nini ute wa kifuani kwa mwenye pumu unatoka mwingi, mzito, hadi unaziba njia ya hewa. Wagonjwa amewapata tele. Wazima wa kulinganisha nao ndio wanamtoroka. Mtu akisikia atakohoa makohozi kwenye kikombe, anakumbuka ana safari. Anatafuta mtu aliyevuka miaka arobaini, asiyevuta sigara, asiyewahi kubanwa kifua tangu azaliwe.

Nikaweka kijiko chini. — Umeshampata.

Dada akaacha kupakua, akanikazia macho. Mimi nikaangalia dari.

Shemeji akafurahi. Chuma, tusimulie ile ya chemba! (Chuma ndilo jina langu mtaani, hakuna asiyelijua.) Nikawasimulia nilivyozama kwenye chemba ya maji taka, pumzi nimeishika, wenzangu huko juu wakagombana kuhusu mpira, wakapatanishwa, wakaombana radhi, ndipo nikaibuka. Mwaka juzi ilikuwa dakika nne. Leo imefika kumi na moja na hakuna aliyekataa.

Mpwa wangu alinishika mkono. Mjomba, umeniokoa, kweli.

Jumanne, 5 Machi

Situlii. Nimefagia chumba mara mbili. Nimepanga spana kwa ukubwa, kisha nikazipanga kwa umri.

Ile pampu ya kifua iko ndani ya soksi ya kijivu, soksi ndani ya buti la mvua, buti chini ya kitanda. Miaka kumi na minane inakaa humo. Hata kwenye daftari hili sijawahi kuitaja.

Basi, nimeitaja.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefaulu! Nesi kaniuliza maswali yote. Umewahi kuugua pumu? Hapana. Kifua kupiga filimbi? Hapana. Kuna dawa yoyote umevuta siku hizi mbili? Hapana. — Na kwenye ukoo wenu? — Ukoo wetu ni chuma mtupu, nesi, hata mafua yanatupita pembeni. Akacheka mpaka kalamu ikamwanguka.

Hajui kwamba dakika kumi kabla nilikuwa chooni kwao, nimefungulia bomba ili lipige kelele, navuta pampu. Mara mbili.

Nikapuliza ile mashine yao. Nesi: baba, mapafu haya ni ya kijana! Nikamwambia zamani nilijaza tairi la lori kwa mdomo. Halafu wakanivutisha mvuke wa maji ya chumvi, nikakohoa, nikatema kwenye kikombe kidogo chenye kifuniko cha buluu. Wakabandika karatasi: 9. Namba tu, bila jina. Nesi alisema anayehesabu kule ndani hajui kikombe ni cha nani, ili asipendelee. Hata mpwa wangu hatajua. Vizuri sana.

Nikampa nesi na elimu kidogo. Bomba haliuliwi na wingi wa uchafu, nikamwambia. Linauliwa na ule ute unaoshika ukutani, ukakauka, ukaita wenzake. Maji yatapita juu yake mwaka mzima na wewe unajisifu bomba zima. Nesi kaacha kucheka. Akasema, baba, hicho ndicho wanachokitafuta humo ndani. Eti! Wana vyeti ukuta mzima, mimi nimekipata kwa waya wa kuzibulia.

Mvuke ule lakini ulinibana. Niliteremka ngazi huku napiga mluzi kwa nguvu, nisisikike kifuani.

Alhamisi, 21 Machi

Mpwa wangu kanionyesha maabara. Alikuwa amechangamka kama mtoto mwenye viatu vipya. Nimeangalia kwenye hadubini. Wanauyeyusha ute, wanauzungusha kwenye mashine, wanaupaka kwenye kioo na kuutia rangi. Chembe fulani zikionekana nyingi, zenye vidoa vya waridi, hiyo ni pumu. Kwa mzima huzioni, au moja moja. Ameniambia ndani ya njia ya hewa kuna seli zenye umbo la kikombe, kazi yake kumwaga ute. Kwa mwenye pumu zinazidi, zinavimba, zinamwaga bila kuulizwa.

Akainamisha vichupa viwili vya ute ambao haujayeyushwa. Ute wa mzima uliteremka. Ule mwingine ulibaki palepale, unanitazama.

— Umeona, mjomba? Miezi minane ya kazi ni hiyo.

Nikamuuliza, wakati huo najikuna shingo, kama mtu mmoja akikosea kidogo inaharibu? Akasema yeye hakosei. Namba ya kila kikombe anaisoma kwa sauti mara mbili, mpaka wenzake wanamwita Karani wa Makohozi. Jumatatu wanafungua orodha, waone namba ipi ni mgonjwa na ipi mzima.

Nimerudi nikazibua sinki la jirani. Halikuwa limeziba. Nikazibua na langu.

Jumatatu, 25 Machi

Orodha imefunguliwa.

Nilikuwa kwa dada tangu mchana, nimejifanya natengeneza koki. Mpwa wangu akaingia bila salamu, akakaa na mkoba begani. Dada akamuuliza, nani amekufa? Akasema: Namba Tisa.

Koki ikanitoka mkononi.

Kwenye orodha, ambayo haina majina, Namba Tisa ni mzima. Kwenye kioo Namba Tisa ni pumu tupu — vidoa vya waridi kila kona, ute mzito kama gundi. Katika wote, wagonjwa kwa wazima, hakuna mwenye ute kama huo. (Wa kwanza! Hata hapo. Mungu nisamehe, nilijisikia fahari kwa sekunde moja.) Profesa wake, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, hakupiga kelele. Alisema tu kwamba vikombe vimebadilishwa, na kama viwili vimebadilishwa nani ataamini vingine sitini. Jumatano saa nne aeleze. Asipoeleza, kazi atapewa mwingine.

— Kwa hiyo ulichanganya? Shemeji huyo.

— Sikuchanganya, baba! Nilisoma mara mbili. Akashusha mkoba. Kisha, kwa sauti ndogo: au nilichanganya? Siku ile nilikuwa na homa. Akanigeukia. Mjomba, wewe umenilea, mimi ni mtu wa kuchanganya vitu?

Mimi! Mwenye maneno ya kuuza rejareja na jumla! Nikasema naenda kutafuta mpira wa koki.

Sijarudi.

Jumanne, 26 Machi

Dada kaja mwenyewe. Hakukaa. Alivuta buti chini ya kitanda, akatoa soksi, akatoa pampu, akaiweka mezani katikati ya spana. Kumbe siku zote alijua mpaka buti.

— Hii nini?

— Dada, fanya taratibu...

— Nilikufichia shuleni. Nikakufichia kwa wake zako wote wawili. Kwa mwanangu sikufichii. Saa nne kesho, utasema wewe au nitasema mimi. Mtu mzima hovyo!

Akaenda.

Watu nimewaambia niliacha shule kwa sababu nilimsahihisha mwalimu hesabu ubaoni, akaona wivu. Wengine nimewaambia nilimpiga. Ukweli ni kwamba darasa zima waliniita Filimbi. Nikikimbia, kifua kinalia, wanaucheza mlio wake kama ngoma. Siku moja kilinibana katikati ya gwaride, nikalala chini mdomo wazi kama samaki, na mtu mmoja akaendelea kucheza. Dada alinibeba mgongoni hadi nyumbani. Sikurudi tena. Nilivyokua nikajiita Chuma, mimi mwenyewe, hakuna aliyenipa.

Nimejaribu kumwandikia mpwa wangu barua. Ya kwanza ilianza vizuri, lakini kufika mstari wa sita pumu nimeipata kwenye kiwanda cha rangi, nikiokoa mafundi watatu. Nimechana. Ya pili wamekuwa watano. Nimechana.

Nimeandika fupi: Tisa ni mimi. Maneno matatu tu. Sijawahi kusema kitu kifupi hivyo maishani.

Jumatano, 27 Machi

Saa nne kasoro dakika nane. Korido ya maabara, ghorofa ya nne. Lifti imekufa. Nimepanda kwa miguu, haraka, nilihofia kuchelewa — na sasa nimelipa. Nimekaa kwenye benchi. Kifua kinalia waziwazi. Mluzi hautoki, pumzi ya kupigia sina.

Naandika ili mikono iwe na kazi.

Mpwa wangu yuko ndani tayari. Sikumuwahi. Namwona kupitia kioo cha mlango, mgongo tu. Profesa ameshika karatasi. Mpwa wangu anatikisa kichwa. Sasa hatikisi. Sasa anakubali kitu. Anakubali nini? Usikubali, mtoto!

Saa nne kasoro tatu. Nilisimama, pumzi ikakata, nikakaa. Barua ya maneno matatu iko mfukoni, imelowa jasho. Choo kiko mwisho wa korido, mbali. Siwezi kufika.

Nimeitoa pampu kwenye soksi. Hapahapa, mbele za watu. Nimevuta mara moja. Mara ya pili. Kuna kijana wa usafi kapita, kuna mama na bahasha — hakuna aliyecheza.

Nimeiweka kwenye benchi pembeni yangu. Ya buluu. Inaonekana toka mbali.

Nesi yule yule amepita, amerudi kinyumenyume. Ameitazama pampu, amenitazama mimi, ameitazama soksi. Hacheki.

— Baba, hiyo pampu ni ya nani?

Uongo umeshafika mdomoni, mzuri kabisa, umevaa na viatu: nimeiokota kwenye ngazi, nilikuwa naileta kwenu. Angeamini. Mimi huaminika.

Ndani nasikia kiti kinavutwa.

Nesi bado amesimama. Nimemwambia anisubiri kidogo, namalizia mstari huu. Anaangalia ninachoandika. Nimemgeuzia daftari asome kuanzia hapa juu, kwenye yale maneno matatu: Tisa ni mimi.