Picha ya Mmenya Pilipili Hoho

Mpenzi Radovan,

Hujambo huko Trieste? Mimi mzima, ila kitambi sasa kinanitangulia mlangoni.

Juzi wasanii wa hapa Novi Sad tuliitwa kuyakosoa maonyesho ya sanaa ya mashoga. Kila picha, mtu analia au yuko uchi. Desanka, yule mama mchongaji, akafoka: "Jamani, wapenzi hawa hawali? Mimi na mke wangu Mira, miaka thelathini pamoja, tumelia mara mbili tu. Pilipili hoho zilizochomwa tumemenya magunia!" Mwandaaji akauliza, "Haya, nani anayo picha ya hivyo?"

Mdomo wangu ukaniponza. Nikaitaja ile niliyokuchora jikoni kwangu, ukimenya pilipili hoho zilizochomwa. Wanaitaka Ijumaa. Nami naogopa: uso ni wako kabisa, na mama yako, ambaye hukuwahi kumwambia habari zetu, bado anaishi mtaa huu.

Jana alikuja kuazima sufuria, akaikuta ukutani. Akaitazama weee, mpaka nikatamani kumeza brashi. Kisha akaniambia, "Anamenya vibaya, kama kawaida yake. Na hilo shati lako linampwaya."

Basi nijibu upesi: niipeleke?

Wako yuleyule,
Milenko