Siku ya Familia Kwenye Meli za Kivita

Naif, Dubai
2 Machi

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Goti linaendeleaje na hiyo baridi ya Mbinga? Sisi tu wazima. Mke wangu Rosina anakusalimu, na mjukuu wako Marietha meno ya mbele yaliyong'oka yameota tena.

Naandika barua kama watu wa zamani kwa sababu simu yako anaishika Protas, na mdogo wangu huyo akisikia sauti yangu tu anakata. Shangazi ameniambia unauliza tumegombania nini. Hatukugombana, Mama. Heri tungegombana.

Ofisi yetu ya mizigo hapa Al Ras ilitupa tiketi za familia, tukatazame meli mbili kuukuu za kivita zilizoletwa bandarini. Nikamwambia Protas. Miaka mitatu aliyofanya kazi huku hakuwahi kuniomba kitu, ila hilo aliliomba. Si unajua yeye ni fundi wa kuchomelea? Alitaka aone kwa macho yake mabamba ya meli za zamani yalivyoungwa kwa ribiti tupu, ile misumari minene ya chuma, bila kuchomelewa. Nikamwambia atukute langoni.

Akaja moja kwa moja kutoka kazini, ovaroli limetobolewa na cheche, mkononi ana juisi ya Marietha. Sisi tulikuwa tumeshapita, tumesimama na bosi wangu Walid na mkewe. Mlinzi akamzuia, maana siku hiyo wanaume wasio na familia hawakuruhusiwa. Wala hakuwa mtu mbaya, Mkenya mmoja anaitwa Clifford. Alinigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili kama huyu ni wangu, niseme tu ampitishe.

Sasa sikia upumbavu wa mwanao. Walid nilishamwambia zamani kwamba mdogo wangu ni injinia. Nikalitazama lile ovaroli. Nikasema simjui.

Marietha akapiga kelele, "Baba mdogo!" Nikamziba mdomo kwa mkono huu huu ninaoandikia. Protas alimwachia Clifford ile juisi ampe mtoto, akaondoka. Na mimi, bila haya, nikapanda melini nikapiga picha na mizinga, nacheka na Walid. Rosina mpaka leo ananijibu kwa mkato. Wiki mbili baadaye Protas akavunja mkataba akarudi nyumbani, na wewe ukadhani kazi imemshinda. Kilichomshinda ni mimi.

Barua hii anakuletea Mama Wilbard, amekuja kununua mzigo wa duka. Najua wewe husomi, Mama, na najua anayekusomea ni nani. Kwa hiyo Protas, hapa usiruke. Soma kwa sauti, Mama asikie: nilikukana. Ulikuwa hatua tano kutoka kwangu, nikakukana kwa ajili ya ovaroli. Ribiti niliziona, nikazigusa. Nilitaka nikupigie picha, nikashindwa, ningekutumia kwa uso gani?

Mama, nisalimie ukoo mzima, na huyo anayekusomea.

Ni mimi mwanao, na kaka yake kama bado ananikubali,
Kasian