Mashine ya Msasa na Tufe la Mama

Duka la Matufe,
Ukumbi wa Boling, Mlango wa Nyuma,
S.L.P. 318.

Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu, na kabla hujaanza kupekua kurasa ukitafuta mahali ninapoomba pesa, tulia, siombi. U hali gani? Wifi hajambo? Na wale mabwana wadogo wawili, bado wanagombania kitanda cha juu? Ulisema mgongo unakusumbua kwa baridi ya huko. Natumaini umekwenda kwa daktari, si kujipaka dawa na kulalamika tu kama kawaida yako. Huku mimi na Shangazi tu wazima. Baba nitamfikia.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikasirika. Nilikuuliza kuhusu mashine ya kupiga msasa matufe, nawe ukaniandikia mstari mmoja: "Nunueni, yaishe." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, Kaka. Nilikujibu mara nne kichwani, kwa maneno ambayo hayawekwi kwenye bahasha. Lakini kosa ni langu, maana hukujua. Barua zangu zote tangu mwaka jana zinasema Baba hajambo. Baba ni mgonjwa. Anasahau.

Unamkumbuka Mwalimu wa hesabu, yule mrefu anayecheza njia ya tatu na kuinama kama anaokota kitu? Mwezi wa pili alituletea tufe lake kabla ya fainali. Lilikuwa limejaa mikwaruzo na mafuta ya njia, linateleza tu badala ya kukata kona. Baba akalipokea. Unajua anavyofanya: tufe juu ya bakuli la mbao, msasa uliolowa maji, pande sita, kila upande mara arobaini. Anahesabu kwa sauti, na upande ukiisha anauchora alama ya chaki. Mimi nilikuwa natoboa matundu ya vidole kwenye tufe la mteja mwingine, keekee inalia, namsikia akifika arobaini, arobaini tena, nikaridhika. Sikuona kwamba tufe haligeuki. Alikuwa akimaliza, anaifuta chaki kwa kitambaa, anaanza upande ule ule. Asubuhi nzima, na kwa msasa mnene, ule unaokula ganda.

Tulijua siku ya fainali. Tufe lilichechemea, Kaka. Ukumbi mzima ulisikia du, du, du, likishuka njia kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi, likaangusha pini mbili tu kati ya kumi. Akarusha tena, likachechemea tena. Mwalimu hakugomba. Alikuja dukani, akaliweka mezani, akamwambia Baba, "Mzee, umechoka tu," akaondoka na mkoba mtupu. Afadhali angetutukana.

Baada ya hapo wateja wakawa wananinong'oneza: "Dada, nifanyie wewe, siyo Mzee." Nikawa nazirudia kazi za Baba asubuhi kabla hajafika, kisha akifika nampa sifa zake. Ngozi ya vidole ilinitoka mpaka keekee nikawa naishika kwa kitambaa. Mwenye ukumbi akaniita ofisini, akasema bila kuzunguka kwamba akisikia tufe jingine likichechemea, chumba chetu atampa mtu mwingine. Ndipo nilipomwita muuzaji wa mashine na kukuandikia wewe.

Muuzaji alituachia mashine wiki moja tuijaribu. Ukubwa wake ni kama mashine ya kufulia. Ndani ina vikombe vitatu vinavyolizungusha tufe na kulipiga msasa, huku likinyunyiziwa maji. Dakika nane tu, pande zote sawasawa, utadhani limetoka kiwandani leo. Sikufichi, niliipenda. Niliisikiliza ikinguruma nikahisi vidole vyangu vinapona.

Baba aliizunguka, mikono nyuma. Akamwuliza muuzaji, "Inahesabu mpaka ngapi?"

"Haihesabu, Mzee. Ikimaliza inajizima yenyewe."

Baba akacheka mpaka akakohoa. "Sasa itajuaje kwamba imemaliza?"

Tulicheka wote watatu, nami nikafikiri mambo yamekwisha salama.

Siku ya tatu alifika saa mbili kamili kama siku zote, akavaa aproni, akakuta matufe yote yamepangwa rafuni yanang'aa. Akaniuliza kazi yake iko wapi. Nikamwambia, pumzika Baba, miaka arobaini inatosha. Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaketi kwenye kile kiti wanachokalia wateja wakipimwa vidole. Alikaa hapo mpaka tukafunga.

Siku ya nne alishindwa kufunga vifungo vya shati. Ya tano alikataa chai, na Shangazi alimkuta amesimama chumbani akihesabu matofali ya ukuta, akifika arobaini anarudi kwenye moja. Ya sita aliniuliza, kwa adabu kabisa, "Fundi, wewe una wazazi hapa?" Nilikwenda chooni nikafungulia bomba nikalia. Nilichokuwa sijakijua ni kwamba ile hesabu ndiyo iliyokuwa imemshikilia. Chakula anasahau, kitanda anasahau, lakini mkono wake unaukumbuka msasa.

Sasa wewe uniambie hapo yanaishaje. Nisiponunua, matufe yatachechemea, duka litaondoka, naye atakosa mahali pa kwenda asubuhi. Nikinunua, namnyang'anya kitu cha mwisho kilichobaki kichwani mwake. Shangazi alisema niamue mimi, yeye hajui mashine. Wewe ulikuwa mbali, na asiyekuwapo na lake halipo. Usinune.

Niliinunua. Ipo chumba cha nyuma, mlango nimeufunga, na ikianza kunguruma nafungulia redio ili asiisikie. Mbele nimemrudishia Baba bakuli lake la mbao, karai la maji na chaki. Likabaki tufe. Nilimpa moja bovu lililoachwa na wachezaji, naye akauliza swali lake la siku zote: "La nani?" Nikasema halina mwenyewe. Akalisukuma pembeni. Unajua hajawahi kupiga msasa tufe lisilo na mwenyewe, anasema mkono unataka kujua unamtumikia nani. Nikadanganya, nikataja mteja mmoja. Akaingiza vidole kwenye matundu, akatikisa kichwa: "Hivi si vidole vyake." Hayo hajayasahau, maana matundu yote ya ukumbi huu ameyatoboa yeye.

Dukani lilikuwepo tufe moja tu ambalo mwenyewe hatakuja kulidai. Nikaliteremsha rafuni.

"La nani?"

"La Mama."

Akaingiza vidole, uso wake ukakunjuka. "Basi nilimalize upesi. Jumamosi anacheza."

Hii ni wiki ya saba. Kila jioni ananikabidhi tufe la Mama, namshukuru. Kila asubuhi nalirudisha mezani, anauliza la nani, namjibu. Anakula. Anafunga vifungo vyake mwenyewe. Shangazi anasema hata mashavu yamerudi. Lakini tufe, Kaka! Nilijaribu kumpa msasa laini, akaupitisha shavuni, akanirudishia kama mtu aliyepewa chenji pungufu, akachukua ule mnene. Unakumbuka Mama alivyochongesha neno SIAZIMWI juu ya matundu, baada ya wewe kuliazima na kuliangusha kwenye kidole chako cha mguu? Nimelitazama leo. Imebaki S, na I ambayo naiona kwa sababu najua ilikuwepo. Kingo za tundu la dole gumba zimelika, lile tundu Baba alilompimia siku alipomwona mara ya kwanza. Baba anamfuta Mama, arobaini kwa arobaini, na maji ya kumfutia namletea mimi. Naumia, na kesho nitamletea tena.

Jana alilipima viganjani, juu chini, kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Limepungua. Mama yenu anaumwa?"

Nikamwambia hajambo. Nimelizoea neno hilo.

Sasa ombi langu, na bado si pesa. Lile tufe lako jekundu uliloondoka nalo, ambalo Wifi alisema siku hizi linazuia mlango wa stoo, lilete. Ganda la tufe la Mama limebaki jembamba, upande mmoja ule weupe wa ndani umeanza kuonekana. Likitoboka halipigwi msasa tena, Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Siku hiyo atauliza la nani, nami nataka nimwambie, la mwanao. Matundu yako aliyatoboa ukiwa na miaka kumi na minne, akamkatalia kila mtu asishike keekee. Huenda akaingiza vidole akakujua. Usilitume kwa posta. Njoo nalo mkononi.

Shangazi anakusalimu na anauliza habari za mgongo. Mwalimu naye anakusalimu. Amerudi kwetu na tufe jipya, na kila akipita humwamkia Baba kwanza kabla ya kunifikia mimi. Nisalimie sana Wifi, na mabwana wadogo waambie shangazi yao anawapenda hata wakilala chini. Salamu za Baba sikuzichukua. Ningelazimika kumtajia jina lako, nikaogopa atauliza ni nani.

Mungu akulete salama, na amwachie Baba hesabu yake mpaka ufike.

Wako akupendaye, hata unapomkasirisha,
Kitindamimba