Maua ya Chini ya Kikapu

Nosy Be, Jumatano

Shikamoo mama yangu,

Kisiwa kizima kinanukia langilangi, kama kifua chako siku za harusi. Hapa hawayatungi maua kuwa vikuba vya kuvaa kifuani, kama ufanyavyo wewe. Wanayachemsha maua kwenye mapipa ya shaba na kukinga mafuta yake, nami nimekuja kuinunulia kampuni mafuta ya mwaka mzima.

Leo asubuhi mwenye kiwanda alimpa mkono karani wangu, Salim, akamwita meneja. Salim akanionyesha mimi. Yule bwana akaona haya, akaniletea haraka kikapu cha maua ya manjano, mazuri, yenye wekundu kooni. Nilikuwa karibu kukubali, lakini mkono wangu ukazama wenyewe hadi chini, kama ufanyavyo wewe sokoni, ukatoka na maua mabichi ya kijani. Wanawake wachumaji wakacheka. Mmoja wao, bibi wa asili ya Kingazija, akanisogezea kiti chake.

“Kazi hii umeisomea wapi, bibie?” mwenye kiwanda akaniuliza kwa Kifaransa. Nikamtajia chuo.

Tangu hapo moyo wangu haujatulia, mama. Kesho narudi kutia saini, kwa maua mabivu peke yake. Kabla sijashika kalamu nitamwambia kweli: nilisomea uani kwetu, nimekaa mkekani, nikikushikia uzi.

Nimesugua ua moja kwenye kona ya kadi hii. Najua umeshalinusa kabla hujamwita mtu akusomee.

Mwanao akupendaye,
Zuhura